Nduru ya Bondeni

Miguu yangu iliniacha msimu wa senene. Asubuhi ile nilikuwa nimewakamata kibuyu kizima, nikakaa mlangoni nikiwanyonyoa mabawa na miguu ili nimkaangie mume wangu, ndipo homa ikanishika. Siku chache baadaye, nilipotaka kuinuka kwenda kujisaidia, nilianguka kama gunia. Jirani yetu Petro, ambaye ni kipofu na hajui kunyamaza, alipokuja kunipa pole alisema, "Mama Adela, senene wamekudai miguu yao." Mama mkwe alimfukuza. Mimi nilicheka, na kucheka kuliniuma mgongo wote.

Nayaandika haya kwa sababu ya mwanamke wa Kamuli aliyeletwa kwangu kwa machela mwaka huu, kabla ya masika. Ugonjwa wake ni kama wangu. Alitaka kujua ninaishije. Nilimweleza, lakini maneno yalinitoka ovyo, na alipokwisha kuondoka nikakumbuka yote niliyoyasahau. Mimi nilisoma kwa katekista tu, mpaka nikajua kusoma na kuandika kidogo, na mara nyingi najiuliza kama mimi ni mtu wa kuandika jambo refu. Habari za dawa siwezi kuzieleza. Nitasema nililoliona, na pale nitakapomsema mtu vibaya nitajitahidi kusema na upande wake.

Kwa dresa wa zahanati nilipelekwa kwa machela, vijana wakipokezana mlimani. Tulipofika tukaambiwa tusubiri. Waliokuja kwa miguu yao walikaa kwenye benchi. Mimi nililazwa chini ya ukingo wa paa kwenye mkeka. Ukilala chini mahali pa kusubiri huoni uso wa mtu, unaona miguu tu: miguu iliyopasuka visigino, miguu yenye funza, miguu ya mtoto inayoning'inia mgongoni. Niliitazama yote kwa wivu ambao sikuujua kabla. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto wa kikohozi aliinama, akanimegea ndizi yake ya kupikwa, akanilisha bila kuuliza jina langu. Sijamwona tena. Ningemtambua kwa miguu yake: alikuwa na kovu la jembe juu ya kidole.

Dresa aliniminya, akanichoma kwa pini, nikapiga kelele. Akasema, "Inasikia." Nilidhani ni habari njema. Ilikuwa njema nusu. Kwa ugonjwa huu mguu haukubebi, lakini maumivu unayasikia yote. Akaandika barua, nikapelekwa hospitali ya mbali, safari ya kulala njiani.

Huko nilikaa mpaka senene wakaisha, Noeli ikapita na jua la Januari likaja. Kila siku walinifunga vitambaa vya moto miguuni, kisha wakaikunja na kuikunjua. Muuguzi wetu alikuwa mwanamke wa Muleba, mkali. Nikilia aliniambia, "Kulia utalia kwenu. Hapa nyanyua kidole." Siku moja kidole gumba cha kushoto kilitikisika. Aliita wenzake waje wakione, wakasimama wanne kuangalia kidole cha mwanamke wa Karagwe. Basi kilikuwa hicho hicho. Mengine hayakurudi.

Siku ya kuniruhusu alikaa kwenye kitanda changu, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote. Akasema, "Tumefika mwisho wa tunachoweza. Miguu ni hiyo. Mikono yako ni mizima, nayo hujaanza kuitumia." Nilimchukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Leo ningempelekea kuku.

Nyumba yetu ilikuwa msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Asiyejua kwetu nimweleze: nyumba yenye heshima hutandikwa nyasi sakafuni, nene, safi, ili mgeni asikae kwenye udongo. Na shambani vilevile tunafunika ardhi kwa nyasi na majani makavu ya migomba ili udongo usikauke. Mwanamke anayejua kutandika husifiwa. Mimi nilisifiwa. Sasa nyasi zile zile nilitambaa juu yake, zikinichoma mapajani, na kizingiti nilichokuwa nakiruka bila kukiona kikawa ukuta.

Mume wangu, Byarugaba, alinishonea pedi za ngozi ya ng'ombe za magoti, na akanichongea vibao viwili vya kushika mikononi. Miguu ilikonda ikawa kama ya mtoto, baridi hata wakati wa jua. Mabega yakapanuka. Adela, binti yangu, alikuwa anaanza kutembea, na sisi wawili tulijifunza sakafu pamoja. Yeye akanishinda.

Baba Adela aliteka maji, kazi ambayo mwanamume wa kwetu haifanyi. Kisimani wanawake walimpisha kwa adabu kisha wakacheka akishaondoka. Wanaume wenzake hawakungoja aondoke. "Byarugaba, na leo utatwanga?" Naye alijibu, "Nikimaliza kwangu nitakuja kwako, mkeo ananiambia hujui." Lakini akirudi nyumbani mtungi aliuweka chini kwa nguvu.

Mama mkwe aliishi nasi. Watu wakisikia habari hii hutaka awe mbaya. Hakuwa mbaya. Alinipikia, alinisafisha wakati ambapo sikuweza kujisafisha, na hakulitaja hata siku moja. Lakini aliamini kwamba kila kitu kina mahali pake, na mimi sikuwa tena mahali pangu.

Kiangazi kikaja. Kahawa zilikuwa zimeanikwa kila ua. Huo ndio wakati watu huchoma nyasi za milimani ili ng'ombe wapate majani mabichi, na kila mwaka moto mmoja humponyoka mwenyewe.

Kwetu kuna desturi ya nduru. Hatari ikitokea, anayeiona hupiga nduru, ile sauti kali ya mkono mdomoni, na kila anayeisikia huipokea na kukimbilia ilikotoka. Mwenye jembe akimbie na jembe, mwenye panga na panga. Hakuna kuuliza. Asiyekimbia ataulizwa kesho yake mbele ya watu: ulikuwa wapi? Tunajua kwamba mtu anayekaa nyumbani nduru ikilia ama ni mwizi ama ndiye aliyeileta hatari. Desturi hii imeokoa watu wengi kuliko ninavyoweza kusema. Imefukuza chui, imezima nyumba, imewatoa watoto mtoni. Nilipokuwa na miguu sikuwahi kufikiria kwamba nduru inapolia, watu wenye nguvu wote wanaondoka, na nyumbani anabaki nani.

Siku hiyo mchana nduru ililia kutoka upande wa Kiruruma. Baba Adela alikuwa ananinyoa nywele. Alisimama na wembe mkononi, akaniangalia.

"Nenda," nilimwambia.

"Nitarudi upesi."

Mama mkwe alimfunga Adela mgongoni, akachukua tawi la kupigia moto, naye akaenda. Mara kijiji kikawa kimya, hata mbwa walikuwa wamefuata. Kisha upepo ukageuka. Nilisikia kabla ya kuona. Moto mkubwa una sauti kama mvua ya mawe inayokuja juu ya migomba, na mimi nikafikiri, asante Mungu, mvua.

Nilipotoka kizingitini paa lilikuwa linaanza kutoa moshi. Nilitambaa kwenye majani makavu niliyoyatandaza mwenyewe miaka ile nilipoweza, na cheche zikaanguka mbele yangu zikawaka. Sikujua pa kwenda. Mikono ndiyo iliyojua. Ilinipeleka chini, mahali ambapo ardhi inateremka, mpaka panapokamuliwa pombe.

Huko bondeni, karibu na chemchemi, jirani zetu wote hukamulia ndizi zao za rubisi kwenye mtumbwi wa mti. Ardhi yake imekanyagwa miaka mingi, haina hata jani moja, na siku zote ni tope la maji ya ndizi. Nilijilaza kwenye tope nyuma ya mtumbwi nikajifunika shuka langu lililolowa. Moto ulinipita pande zote mbili. Mguu wa kulia uliungua, na kama dresa alivyosema, ulisikia.

Petro nilimkuta huko. Alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi kama anasafiri.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mama Adela."

"Karibu Bukoba," akasema. "Tuko karibu kufika."

Baba Adela ndiye aliyetukuta. Mwanzo nilipoandika habari hii niliandika kwamba aliniacha. Nimefuta. Alikwenda kwa sababu nilimwambia nenda na kwa sababu kila mwanamume aliye mwema angekwenda, na alipoona upepo umegeuka alipita katikati ya moto, mikono yake ina makovu mpaka leo. Aliingia ndani ya nyumba inayowaka kunitafuta. Nyumba ikaanguka nyuma yake.

Tuliishi kwa shemeji yangu mpaka masika. Huko ndiko ukoo ulikokaa kunizungumza. Niliwekwa nyuma ya kiambaza, nikasikia yote.

"Simfukuzi," alisema mama mkwe. "Nauliza tu. Kiangazi kijacho nduru ikilia, nani atakaa naye? Mwanangu akikaa watasema nini? Akienda, atarudi akute nini? Wamrudishe kwao Kibingo. Kaka yake ana nyumba ya tofali."

Wengine wakakubali. Sikuona kosa katika maneno yake, na hilo ndilo lililoniumiza. Kibingo si mbali kwa mtu anayetembea. Kwangu ilikuwa kuacha mume wangu, na Adela, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba yake.

Baba Adela akasema, "Nipeni mpaka kiangazi kijacho kiishe. Nikishindwa kumpatia mahali pa kukimbilia, nitampeleka mwenyewe."

Walikubali. Baada ya wiki mama mkwe alichukua kikapu changu, akaweka ndani kaniki yangu, rozari na sahani, akakitundika karibu na mlango. Hakufanya kwa ubaya. Alisema, "Kikiwa tayari hutasumbuka." Nyumba mpya ilipojengwa, kikapu kikahamia nasi, kikatundikwa mlangoni vilevile. Nilikiona kila nilipoingia na kutoka, juu yangu.

Mkungu, ndiye mkubwa wa kijiji, aliitisha baraza kuhusu moto. Alikuwa mtu mwenye huruma, na alikuwa amefikiri. Alisema kwamba wasioweza kukimbia, yaani mimi, Petro, wazee wawili na mama yeyote aliyejifungua karibuni, hatari ikija wapelekwe kanisani kilimani. Kanisa ni la tofali na bati, haliungui. Watu wakapiga makofi.

Petro akasimama. "Mkungu, mimi ni Mlutheri. Nikifia kwenye kanisa la Wakatoliki nitahesabiwa upande gani?"

Walipomaliza kucheka akauliza, "Na nani atatupeleka?"

"Wenye nguvu."

"Wenye nguvu wamekwenda kwenye nduru."

Mkungu akasema litaangaliwa. Niliona kwamba likiachwa hivyo halitaangaliwa, na kikapu kitashuka. Mwanamke aliyekaa chini akisema barazani ni kama sauti inayotoka kwenye nyasi. Nilisema, "Shikamoo, mkungu. Naomba tupajaribu. Jumapili, hakuna moto, hakuna upepo. Mimi na Petro twende kanisani wenyewe, mwone."

Tulikwenda. Watu walitoka kwenye ibada ya asubuhi wakatukuta tunaanza mlima. Njia ni ya mawe. Petro alijikwaa, mimi nikachanika pedi, kisha goti. Watoto walitufuata wakiimba mpaka wakachoka, wakaenda kula, wakarudi, nasi bado tuko njiani. Tulipofika mlangoni kuna ngazi. Niliziangalia ngazi zile kama nilivyoangalia miguu ya watu pale zahanati.

Mkungu alikuwa anatembea nyuma yetu muda wote, jambo ambalo namshukuru. Akasema polepole, "Na moto unapenda kupanda."

"Ndiyo, mkungu. Sisi tunapenda kushuka."

Ndivyo tulivyoanza kusema habari ya bondeni, kwenye mtumbwi wa pombe. Lakini pa kukimbilia bila mtu wa kukimbia nawe ni nusu. Mvua zote za masika nilifikiri jambo hili, nikilala, nikimenya ndizi. Nilijiona mpumbavu. Desturi ya nduru ni kubwa kuliko mimi, nani angenisikia nikisema watu wengine wakae nyumbani? Na kwa haki, wakianza kukaa kwa sababu nzuri, wengine watakaa kwa sababu mbaya.

Jibu lilikuja Petro alipokuwa akigombana na dada yake toka ng'ambo ya kibanja. Sauti yake ilijaa bonde zima. Nikafikiri: tusiombe mtu akae. Tupige nduru yetu. Nduru ikilia bondeni, anayekimbilia bondeni amekimbia kama wengine.

Mkungu hakupenda. Tulikaa naye uani kwake, mimi, Petro na Baba Adela.

"Nduru si ngoma ya harusi," alisema. "Ikilia mara mbili watu watagawanyika. Nusu watakwenda huku, nusu kule, moto utakula pande zote."

"Si nusu," nilisema. "Kila nyumba yenye asiyeweza kukimbia, mmoja tu ashuke naye bondeni, na ajulikane mapema. Wengine wote wafuate nduru ya kwanza. Petro hapigi mpaka ya kwanza ipokelewe."

"Na Petro akipiga bila sababu?"

"Mnitoze mtungi wa rubisi," akasema Petro.

"Huna ndizi."

"Basi mjue sitapiga bila sababu."

Mkungu alikuna kidevu. Mwishoni akasema tutajaribu kiangazi kimoja. Kukitokea vurugu, nduru ya pili itakufa, na kuhusu mimi ukoo utafanya ulivyosema. Hakutabasamu. Nadhani aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Tukaanza kazi. Baba Adela alikata visiki kutoka mlangoni kwetu mpaka bondeni, akajaza mtaro uliokuwa na gogo la kuvukia, kwa kuwa gogo ni daraja la wenye miguu. Alimfungia Petro kamba ya katani kwenye vigingi toka kwake mpaka kwenye mtumbwi. Vigingi vile akavisimamisha katikati ya njia yangu, mimi nikagonga bega. Tukavihamishia pembeni. Nilijaribu njia kila alasiri, nikimwambia hapa pananishika, hapa pananiteleza. Siku nyingine alinijibu, "Mama Adela, kila jiwe la nchi hii unalijua kwa jina?" akatupa jembe akaenda zake. Alirudi. Siku nyingine mimi ndiye niliyesema sitaki tena, nipelekeni Kibingo. Akakaa chini kando yangu kwenye tope akasema, "Ukienda nani atanisimamia?" Hakusema kwa upole. Alikuwa amechoka kama mimi.

Bondeni walijenga ukuta wa udongo wa kuzuia joto, bila mlango na bila kizingiti, paa hakuna. Pembeni tukapanda migomba, kwa kuwa mashina yake hubeba maji.

Siku ukuta ulipokauka, Baba Adela aliniambia nisije mpaka aniite. Aliponiita nilikuta ametandika. Alikuwa amekata nyasi nzuri za mlimani, akazitandaza ndani ya ukuta na njia yote, nene, sawasawa, kama nyumba ya bibi harusi. Mama mkwe alikuwa amemsaidia, amesimama pale anangoja nisifu. Magoti yangu yalizama kwenye ulaini ambao hayakuupata tangu niugue.

Nilitamani kunyamaza. Nikasema, "Hizi zitaungua."

Niliona uso wa mume wangu ulivyobadilika. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Sasa unataka watu wakae kwenye udongo kama mbuzi? Mtu akipita atasema nyumba hii haina mwanamke."

"Mama, udongo ndio ulioniponya."

"Mimi sijawahi kukaribisha mtu kwenye udongo."

Aliondoka. Baba Adela alizikusanya nyasi zote yeye mwenyewe, akazipeleka mbali. Nimewaza sana siku ile. Kwetu nyasi ni upendo, hatuna njia nyingine ya kusema karibu. Na mimi niliyetandika maisha yangu yote nilimwambia auondoe. Kama unaugua ugonjwa huu, utalazimika kukataa mambo ambayo watu wamekupa kwa moyo wote. Sijui namna ya kulifanya bila kuumiza. Nimeshindwa kuiona.

Kiangazi kikafika. Kahawa zikaiva, zikaanikwa. Njia yangu niliifagia kila asubuhi kwa mkono, kwa sababu migomba haikomi kuangusha majani.

Siku yenyewe, Baba Adela, ambaye ndiye mtu wetu wa bondeni, alikuwa amekwenda kuuza kahawa. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe na Adela. Jua limeanza kuegemea. Nduru ikalia kutoka juu, ikapokelewa, ikapokelewa tena.

Mama mkwe alikuwa tayari amemfunga mtoto mgongoni, tawi mkononi. Alifika mlangoni, chini ya kikapu, akasimama. Miaka yake yote hakuwahi kuisikia nduru akasimama. Mabega yake yalikuwa yanakwenda yenyewe. Sikumwambia baki, wala sikumwambia nenda. Nilianza kutambaa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Kisha bondeni Petro akapiga. Sijasikia sauti kama ile. Mama mkwe aligeuza kichwa, juu, chini, juu. Nduru mbili, na yeye ana miguu miwili.

Alinipita mbele. Nikadhani anakimbia moto. Lakini aliinama kwenye njia, akatupa tawi, akaanza kuzoa kwa mikono miwili majani makavu yaliyoanguka tangu asubuhi, akiyatupa kando kushoto na kulia, mtoto akiruka mgongoni. Alikwenda mbele yangu hivyo hivyo, ameinama, akiivua njia majani yake mpaka udongo. Hakuninyanyua, na sikuhitaji kunyanyuliwa. Tulikwenda kwa mwendo mmoja.

Bondeni tulimkuta Petro ameshika kamba, wale wazee wawili na wajukuu wao, na mama mwenye kichanga na mdogo wake. Tukakaa kwenye udongo. Mama mkwe alibaki amesimama kidogo, akautazama udongo, kisha akakusanya nguo yake akakaa.

"Karibu Bukoba, mama," Petro akasema.

"Nyamaza wewe. Umenitoa roho."

Moto haukufika. Waliokuwa juu waliuzima kabla ya kuingia kwenye vibanja, na watu hawakuwapungua. Nakiri nilitaka ufike, kidogo tu, hadi ukutani, ili waone. Ni wazo baya, nimelitubia.

Asubuhi mkungu alipita nyumba kwa nyumba, kama desturi, akiuliza nani alikuwa wapi. Sisi tulikuwa uani. Baba Adela amerudi, anasikiliza. Mkungu akamsalimia mama mkwe, akauliza, "Jana nduru ilipolia hawakukuona mlimani. Ulikuwa wapi?"

Najua aliogopa swali hilo maisha yake yote.

"Nilikimbilia nduru," akasema.

"Ipi?"

"Ya bondeni."

Mkungu akaangalia mikono ya mama mkwe, ambayo ilikuwa bado na weusi wa majani. Akasema, "Vema," akaenda nyumba ya pili.

Mwanamke wa Kamuli aliniuliza mambo mengi, na moja sikulijibu vizuri: aanzie wapi. Nafikiri aanzie mlangoni kwake, siku isiyo na hatari, atambae mwenyewe hadi pale anapoambiwa ni salama, na wale wanaompenda watembee nyuma yake polepole wakiangalia. Watakayoyaona hayahitaji maneno mengi. Siwezi kumwambia miguu itarudi. Yangu haikurudi.

Mkungu alipokwisha kuondoka, mama mkwe aliingia ndani. Nilimsikia anashusha kitu. Akatoka na kaniki yangu, rozari na sahani, akaviweka mapajani mwangu.

"Kikapu nakichukua," alisema. "Kahawa zitaanuliwa kwa kitu gani?"

Akaenda nacho uani.